Bima ya mwana haimkingi mzazi: Haki na hiari za wazee chini ya SHA

ZIKO imani mbili kuhusu wazee na bima ya afya ambazo mtu hukutana nazo mara kwa mara katika mazungumzo ya sokoni na vijiweni mtaani Nyamasaria, penye lango la jiji la Kisumu kwa wanaotoka Ahero na Nairobi. Ya kwanza ni kwamba mtu akishatimiza umri fulani, serikali humlipia matibabu bila yeye kufanya lolote. Ya pili ni kwamba mwana aliyeajiriwa, ambaye hukatwa mchango kila mwezi, huwa amemkinga mzazi wake pia.

Zote mbili si za kweli. Na aghalabu ukweli huo hujulikana katika saa mbaya zaidi: mzee akiwa kitandani hospitalini, jamaa wakiwa mbele ya dirisha la malipo, na karani akiwaeleza kwamba jina la mgonjwa halimo katika orodha ya waliolipiwa.

Makala haya yanakusudia kueleza ni nani anayestahiki, anastahiki nini, na ni hiari zipi zilizo mikononi mwa mzee na watoto wake kabla maradhi hayajabisha hodi.

Kutoka NHIF hadi SHA

Kenya ilianzisha Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, mnamo 1966 ikiwalenga wafanyakazi wa mshahara. Mwaka 1972 mlango ulifunguliwa kwa wasioajiriwa kujiunga kwa hiari, na sheria ya 1998 ikaifanya hazina hiyo kuwa shirika linalojisimamia. Kuanzia Aprili 2015, aliyejiunga kwa hiari alitakiwa kulipa Sh500 kila mwezi, awe tajiri au maskini.

Wakazi wa Kisumu wana kumbukumbu ya pekee katika historia hii. Ni katika jiji lao ambapo Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alizindua majaribio ya Afya kwa Wote mnamo Desemba 13, 2018. Kaunti nne, yaani Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos, ziliondolewa ada katika hospitali za umma kwa wakazi waliosajiliwa. Majaribio hayo yalipokwisha, ada zilirudi. Baadaye Serikali ya Kaunti ya Kisumu ilikuja na mpango wake ulioitwa Marwa, neno la Kidholuo lenye maana ya "chetu", wa kuzilipia familia maskini mchango wa NHIF.

Yamkini hapo ndipo ilipozaliwa dhana kwamba mzee aliyewahi kutibiwa bila malipo angali analipiwa hadi leo. Mipango hiyo ilijengwa juu ya mifumo ambayo haipo tena.

Mnamo Oktoba 19, 2023, Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii pamoja na sheria nyingine tatu za afya. NHIF ikavunjwa na mahali pake pakachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wengi huiita SHA. Mahakama Kuu ilibatilisha tatu kati ya sheria hizo Julai 2024, lakini Mahakama ya Rufaa ikaruhusu utekelezaji uendelee, na Oktoba 1, 2024 SHA ilianza kazi kote nchini.

Mwanachama wa zamani wa NHIF asidhani kwamba kadi yake ya zamani ingali na nguvu. Kusajiliwa ni jambo moja, na kulipiwa mchango ni jambo jingine. Mtu anaweza kuwa amesajiliwa SHA na bado akakosa huduma ya kulazwa kwa sababu mchango wake haujalipwa.

Mzee ni nani?

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 260, inamtambua mzee kuwa ni mtu aliyepita umri wa miaka 60. Kifungu cha 57 kinampa haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo yafaayo kutoka kwa familia yake na serikali. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Wakenya wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa zaidi ya milioni 2.7.

Hata hivyo, mpango wa serikali wa kuwapa wazee fedha, Inua Jamii, hutumia kipimo kingine. Tangu 2018 umewalenga waliotimiza miaka 70 ambao hawapokei pensheni, kwa kiwango cha Sh2,000 kwa mwezi. Wakati wa kupanuliwa kwa mpango huo, serikali iliahidi pia kuwalipia wazee hao mchango wa NHIF.

Baina ya 60 na 70, basi, kuna pengo la miaka 10. Aliyestaafu kazi ya kuajiriwa akiwa na miaka 60 hukoma kukatwa mchango siku mshahara unapokoma. Mvuvi wa Dunga au mkulima wa miwa wa Kibos ambaye nguvu zimemwishia akiwa na miaka 64 hana mwajiri wala Inua Jamii. Katiba inamwita mzee, lakini daftari la fedha la serikali bado halimjui.

Na hata aliyefika 70 asichanganye mambo. Kupokea fedha za Inua Jamii si hati ya kuthibitisha kwamba mchango wako wa bima umelipwa. Hayo ni madaftari mawili tofauti, na kila moja linapaswa kuulizwa peke yake.

Umri pekee, kwa hivyo, haumpi Mkenya bima ya bure. Sheria ya 2023 inamtaka kila Mkenya ajisajili. Haimtengi mtu kwa sababu ya uzee, jambo ambalo ni neema kubwa tukikumbuka kwamba kampuni nyingi za bima za kibinafsi huweka ukomo wa umri. Lakini haimsamehi mtu mchango kwa sababu ya uzee pia. Anayesamehewa ni yule aliyethibitishwa kuwa hana uwezo, awe na miaka 30 au 90.

Mzazi si mtegemezi

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. SHA haihesabu mtu mmoja mmoja bali kaya. Na kaya kwa mujibu wa sheria ni mchangiaji, mwenzi wake wa ndoa, na watoto wao. Mtoto hukingwa hadi umri wa miaka 21 ikiwa hana kipato chake, au hadi 25 ikiwa yungali masomoni. Mlemavu anayemtegemea mchangiaji kikamilifu naye amo.

Baba na mama wa mchangiaji hawamo.

Kwa desturi zetu jambo hili ni la kushangaza. Mzee anayeishi katika boma moja na mwanawe, anayekula chungu kimoja naye na kuamkiwa na wajukuu kila asubuhi, ni wa nyumba hiyo kwa kila hali. Katika Kiluo, dala ni ya ukoo mzima. Lakini mbele ya bima, dala hiyo moja yaweza kuwa na kaya tatu au nne: ya mzee na mkewe, ya kila mwana aliyeoa, na ya shangazi mjane anayeishi nyuma ya boma.

Mwalimu wa Nyamasaria anayekatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, kwa hivyo, amemkinga mkewe na watoto wake. Mama yake aliye katika chumba cha pili hajakingwa kwa senti hata moja ya makato hayo. Sharti awe na usajili wake, na mchango wake ulipwe, ama na yeye mwenyewe, ama na mwanawe kwa niaba yake, ama na serikali.

Utengano huu si hasara tupu. Viwango vya juu vya malipo ya SHA vimewekwa kwa kila kaya kwa mwaka. Mama akiwa kaya yake mwenyewe, siku zake za kulazwa na fungu lake la matibabu ya saratani haviguswi na maradhi ya wajukuu. Angekuwa katika kadi ya mwanawe, wote wangekuwa wakichota katika kisima kimoja.

Wanandoa wazee, kwa upande wao, ni kaya moja. Mume akiandikisha na kulipa, mkewe amekingwa, almradi jina lake limeingizwa. Yafaa lihakikishwe, hasa katika nyumba yenye wake zaidi ya mmoja. Mume akifariki, mjane asiahirishe kwenda kuuliza hali ya usajili wake na kuufungua upya kwa jina lake ikihitajika.

Mchango hukadiriwa vipi?

Sheria inazo njia tatu za mchango. Ya kwanza ni ya wenye mshahara, ambao hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kila mwezi. Mzee aliyestaafu amekwisha kutoka katika njia hii, isipokuwa kama ameajiriwa tena.

Njia ya pili ni ya wasio na mshahara, na ndimo wazee wengi walimo: wastaafu, wakulima, wavuvi, wachuuzi wa omena na mboga. Hawa hutakiwa kulipa asilimia 2.75 ya kipato cha kaya kinachokadiriwa, na mchango haupungui Sh300 kwa mwezi. Kwa kuwa hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa pamoja, mzee anayelipa kiwango cha chini anahitaji Sh3,600 kwa mkupuo. Kaya iliyokadiriwa kupata Sh20,000 kwa mwezi itatakiwa kulipa Sh550 kwa mwezi, sawa na Sh6,600 kwa mwaka.

Njia ya tatu ni ya wasiojiweza, ambao serikali hutakiwa kuwalipia. Oktoba 2025, Rais Ruto alizindua mpango wa ufadhili uliolenga watu milioni 2.2 wa kundi hili.

Ukadiriaji wa kipato hufanywa kwa maswali. Mhusika huulizwa kuhusu paa, sakafu na kuta za nyumba, anapoteka maji, anachopikia, mifugo aliyo nayo na idadi ya watu nyumbani. Majibu huingizwa katika mtambo, nao hutoa kiasi cha kulipa.

Hapa mzee anaweza kujikwaa bila kujua. Ajuza anayeishi katika nyumba ya matofali aliyojengewa na mwanawe aliye Nairobi, yenye umeme na mfereji wa maji, huonekana tajiri mbele ya mtambo hata kama hana shilingi mfukoni. Ndiyo sababu si vyema kumwachia kijana mwenye haraka ajibu maswali hayo kwa kubahatisha. Yajibiwe kwa ukweli, kuhusu kaya ya mzee mwenyewe, wala si kuhusu mali ya mwana anayemtunza. Kiasi kikionekana kuzidi uwezo, mzee ana kila sababu ya kurudi katika ofisi ya SHA na kuomba kitazamwe upya.

Ipo hesabu moja ambayo wapangaji wa sera wangefaa kuitafakari. Mzee ambaye kipato chake pekee ni Sh2,000 za Inua Jamii angelipa Sh55 kwa mwezi kama asilimia 2.75 ingetumika kwake kama inavyotumika kwa mwenye mshahara. Kwa sababu ya kiwango cha chini cha Sh300, iwapo hakuwekwa katika orodha ya wasiojiweza, analipa asilimia 15 ya riziki yake. Mkurugenzi mwenye mshahara mnono halipi asilimia hiyo.

Hazina tatu, milango mitatu

Mwenye kutaka kuitumia bima hii vyema hana budi kuelewa kwamba fedha zake zimegawanywa katika hazina tatu, na kila moja ina mlango wake.

Mlango wa kwanza ni Hazina ya Huduma za Afya ya Msingi. Fedha zake hutoka serikalini, na hulipia matibabu ya kutolazwa katika zahanati na vituo vya afya, yaani viwango vya 2 na 3. Mzee anachohitaji hapa ni kuwa amesajiliwa, hadaiwi mchango.

Mlango huu ndio wenye faida kubwa zaidi kwa wazee, na ndio unaodharauliwa zaidi. Shinikizo la damu na kisukari ni maradhi ya kufuatwa mwezi baada ya mwezi, wala si ya kusubiri yapasue mshipa. Kupimwa na kufuatiliwa karibu na nyumbani hakuhitaji nauli ya kwenda mjini. Mzee anayekwenda moja kwa moja hospitali kubwa kwa ajili ya kupimwa tu huenda akajikuta akitoa fedha mfukoni kwa huduma ambayo angeipata bila malipo kituoni.

Mlango wa pili ni Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, SHIF. Huu hufunguliwa na mchango. Hulipia kulazwa, upasuaji, usafishaji wa damu kwa wenye maradhi ya figo, saratani na huduma nyingine za hospitali.

Mlango wa tatu ni Hazina ya Dharura, Magonjwa Sugu na Mahututi. Nao hulipia dharura, na kuendeleza matibabu ya maradhi mazito pale fungu la SHIF linapokwisha. Ikumbukwe pia kwamba kifungu cha 43 cha Katiba kinaharamisha kumnyima mtu yeyote matibabu ya dharura, awe na bima au asiwe nayo. Kiharusi na mshtuko wa moyo ni dharura. Jamaa wasikubali mgonjwa wa namna hiyo aachwe langoni kwa sababu ya usajili.

Viwango vya malipo

Kulingana na viwango vilivyotangazwa katika gazeti rasmi la serikali mwaka 2025, SHIF ililipia kulazwa kwa Sh3,360 kwa siku katika hospitali ya kiwango cha 4 na Sh4,480 katika ile ya kiwango cha 6, kwa muda usiozidi siku 180 kwa kaya kwa mwaka. Usafishaji wa damu ulilipiwa Sh10,650 kila mara, hadi mara tatu kwa wiki. Matibabu ya saratani yaliwekewa Sh400,000 kutoka SHIF na Sh150,000 nyingine kutoka hazina ya tatu, jumla ikiwa Sh550,000 kwa kaya kwa mwaka.

Viwango hivi hubadilishwa kila baada ya muda, na mtu hufanya vyema kuuliza vinavyotumika siku anapohitaji huduma. Lakini vyatosha kuonyesha uzito wa jambo lenyewe. Mzee anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki hugharimu Sh31,950 kila wiki kwa bei hiyo. Mchango wa chini wa mwaka mzima, Sh3,600, ni kama thuluthi moja ya gharama ya kusafishwa mara moja tu.

Vilevile vinaonyesha mahali ambapo bima huishia. Tuseme mzee amelazwa siku 10 katika hospitali ya kibinafsi ya kiwango cha 4 inayotoza Sh6,000 kwa siku. SHIF italipa Sh33,600, na familia itabakiwa na Sh26,400. Katika hospitali ya umma pengo hilo kwa kawaida huwa dogo. Kabla ya kukubali kitanda, swali la kwanza liwe: je, hospitali hii ina mkataba na SHA? Na la pili: tutadaiwa kiasi gani juu ya malipo ya SHA?

Kwa mkazi wa Nyamasaria, mpangilio wenye busara ni kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kisha kupewa barua ya kwenda mbele inapohitajika. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wangali wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ilipandishwa hadhi mwaka 2025 na kuwa hospitali ya kitaifa ya kiwango cha 6. Hiyo ni hospitali ya kupelekwa kwa rufaa, wala si ya kukimbilia kwa kikohozi.

Wenzetu wamefanyaje?

Nchi nyingine zimechagua njia tofauti. Marekani, kupitia sheria iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson mnamo Julai 30, 1965, iliunda Medicare, bima ya umma inayotumia umri kuwa kipimo: mtu akitimiza miaka 65 amefungua mlango. Hata hivyo wazee wa huko nao hulipa ada za kila mwezi kwa baadhi ya sehemu zake, na hutakiwa kuchagua baina ya mipango kadhaa katika muda uliowekwa.

Ghana ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya bima ya afya inawasamehe mchango wote waliotimiza miaka 70. Tanzania, katika sera yake ya afya ya 2007, iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo.

Kenya imechagua umaskini badala ya umri kuwa kipimo cha msamaha. Hoja ya kufanya hivyo ina mantiki: si haki kumsamehe mzee mwenye majumba ya kupangisha Milimani huku kijana wa kusukuma mkokoteni Kibuye akilipa. Lakini kipimo cha umaskini kina gharama yake. Kipimo cha umri husomwa katika kitambulisho. Kipimo cha umaskini huhitaji mtu afike, aulize maswali, aandike majibu, na orodha itoke. Mzee asiyetoka nyumbani, asiye na simu, na asiye na wa kumsemea, ndiye hasa anayehitaji kusamehewa, na ndiye aliye rahisi zaidi kusahauliwa.

Ya kufanya kabla ya kuugua

Jambo la kwanza ni kumsajili mzee kwa kitambulisho chake na kwa nambari yake ya simu. Usajili hufanywa kwa simu kupitia *147#, katika vituo vya Huduma, hospitalini, au kwa msaada wa wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba kwa nyumba. Asiye na simu aandikishwe kwa nambari ya mtu anayeishi naye, si ya mjukuu aliye Mombasa ambaye huenda asipatikane siku ya ugonjwa.

La pili ni kukamilisha maswali ya ukadiriaji. Pasipo hatua hii mzee hawezi kujua anachotakiwa kulipa, wala serikali haiwezi kujua kwamba anastahili kulipiwa. Anayeamini kuwa hana uwezo aulize waziwazi katika ofisi ya SHA au kwa mhudumu wa afya ya jamii iwapo jina lake limo katika orodha ya wanaofadhiliwa. Naibu wa chifu na wazee wa mtaa nao wajulishwe.

La tatu ni watoto kukubaliana. Ndugu wanne wakichanga Sh900 kila mmoja kwa mwaka, mzazi aliyekadiriwa kiwango cha chini amekwisha kulipiwa. Kwa wasioweza kulipa kwa mkupuo, mwaka 2025 serikali ilianzisha mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaomwezesha mtu kupata mkopo wa mchango na kuurejesha kidogo kidogo. Mkopo ni mkopo, na masharti yake yasomwe kwanza.

La nne linawahusu wanaokaribia kustaafu. Bima ya ziada inayolipwa na mwajiri kwa kawaida huisha pamoja na kazi. Mtu asingoje mwezi wa mwisho wa mshahara ndipo auhamishe usajili wake katika kundi la wasio na mshahara. Mwenye bima ya kibinafsi anaweza kuendelea nayo, lakini haimwondolei wajibu wa kuwa SHA, na asiiache SHA kwa kutegemea bima ambayo huenda ikamkataa atakapofika umri fulani.

La tano ni tahadhari. Mwaka 2023, wakati wa NHIF, runinga moja nchini ilifichua jinsi wazee wa vijijini walivyoahidiwa matibabu ya bure, wakapelekwa hospitalini na kufanyiwa upasuaji ili hospitali zidai malipo. Wizara ya Afya ilisimamisha hospitali kadhaa baada ya ufichuzi huo. Sasa ambapo utambulisho wa wagonjwa unahamia katika alama za vidole, mzee asiweke kidole chake mahali popote kabla ya kuelezwa ni huduma gani inayodaiwa kwa jina lake. Siku za kulazwa zinazodaiwa kwa uongo leo ni siku atakazozikosa kesho.

Mzigo wa nani?

Yapo ambayo mzee na watoto wake hawawezi kuyarekebisha, na ambayo wabunge wanaweza. Kuwaruhusu wachangiaji kuwaingiza wazazi katika usajili wao kwa nyongeza ndogo ya mchango ni jambo linalowezekana. Kuwaingiza katika orodha ya wanaolipiwa, bila maswali zaidi, wote wanaopokea Inua Jamii ni jambo rahisi zaidi, kwa kuwa serikali tayari inayo majina yao na imekwisha kukiri kwamba ni wahitaji.

Hadi hayo yatakapofanyika, mzigo ungali mabegani mwa familia. Tumezoea kuitana katika vikundi vya simu na kuchanga pindi mzazi anapolazwa, na kuchanga tena kwa ukubwa zaidi pindi jeneza linapotoka mochari. Desturi hiyo ya kusaidiana ni nzuri na haifai kuachwa. Inachohitaji ni kusogezwa mbele kidogo, ifike kabla ya ugonjwa.

Mwenye mzazi aliyepita miaka 60, basi, anaweza kuanza leo kwa kupiga *147# akiwa na kitambulisho cha mzazi huyo mkononi, na kuuliza mambo matatu: je, amesajiliwa? Je, amekadiriwa? Je, amelipiwa? Majibu yote matatu yakiwa ndiyo, mlango wa hospitali u wazi. Moja likiwa la, kuna kazi ya kufanya, na ni afadhali ifanywe mzee angali na nguvu za kutembea hadi sokoni.